Walimu wa Mpira wa Lubumbashi

Watu wa Lubumbashi wakianza kusimulia habari za mpira, hawamalizi upesi. Wazee wataja wachezaji wa zamani, vijana wataja wa leo, na kila mmoja asema timu yake ndiyo timu. Lakini katika masimulizi hayo yote kuna watu ambao hutajwa mara chache: walimu waliowafundisha wachezaji. Bao hukumbukwa kwa jina la aliyelifunga. Yule aliyemfundisha kupiga mpira, akamwonya alipokosa, akamtafutia chakula alipokuwa na njaa, husahauliwa kabla kaburi lake halijaota majani. Katika mwezi huu wa kuwaombea marehemu, nimeona vema tukumbuke pamoja asili ya mchezo huu katika mji wetu, na walimu waliouleta na kuulea.

Mji na misioni

Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910, na Wabelgiji wakauita Élisabethville. Mwaka ule ule reli ilifika kutoka kusini, na Wamonaki Wabenedikto wa abasia ya Saint-André, karibu na mji wa Bruges katika Ubelgiji, walipewa misioni ya Katanga. Mkubwa wao alikuwa Jean-Félix de Hemptinne, ambaye baadaye alifanywa Askofu, akakaa hapa mpaka kufa kwake mwaka 1958. Mwaka 1911 wakaja Wasalesiani, watoto wa Don Bosco, wakafungua shule na karakana.

Shaba iliwaita watu kutoka pande zote: Kasai, Luapula, Maniema, hata Rwanda. Vijana wengi walikuja bila baba wala mjomba wa kuwaongoza. Jioni, baada ya kazi, walikuwa na mikono mitupu na kichwa kilichojaa mawazo. Kijijini kijana alikuwa na uwindaji, ngoma na wazee wa kumwangalia. Mjini alikuwa na njia tu, na nyumba za pombe pande mbili za njia. Mapadri waliona hatari hiyo, wakatafuta dawa. Dawa moja waliyoiona ilikuwa mpira.

Mtakatifu Georges na watoto wake

Mwaka 1939 Wabenedikto walikuwa wakiongoza shule ya Institut Saint-Boniface. Si wanafunzi wote wa shule ile waliotaka kuwa mapadri. Wengine walikuwa wakijiandaa kuwa makarani, walimu na mafundi. Basi, viongozi wa maskauti wa shule waliamua kuwapa kazi nyingine ya kuwaunganisha, wakaunda timu ya mpira. Wakaiita Saint-Georges, kwa jina la mtakatifu msimamizi wa maskauti, ambaye sikukuu yake huadhimishwa tarehe 23 Aprili. Timu iliingia mara moja katika daraja la kwanza la mashindano ya wenyeji, na mwisho wa mwaka ikashika nafasi ya tatu. Kwa timu ya watoto wa shule, hilo si jambo dogo.

Mwaka ule ule wa 1939 timu nyingine ilizaliwa, ya watu wa reli, nayo ikachukua jina la Mtakatifu Éloi. Mtakatifu huyu alikuwa mfua dhahabu katika Ufaransa ya kale, kisha akawa Askofu wa Noyon, na mafundi wa chuma humwomba kama msimamizi wao. Timu hiyo ndiyo Saint-Éloi Lupopo, na mpaka leo wapenzi wake huitwa watu wa reli. Kwa hiyo, ndugu, zile timu mbili zinazogawanya nyumba zetu siku ya mashindano, baba upande huu na mama upande ule, zilizaliwa katika mwaka mmoja, na zote mbili zilibatizwa kwa majina ya watakatifu.

Kati ya mapadri walioshughulikia michezo ya wenyeji, hatuwezi kumsahau Mbenedikto Grégoire Coussement. Alikuwa kiongozi wa chama cha timu za wenyeji wa mji huu, na kufika mwaka 1950 chama hicho kilikuwa na timu zaidi ya 30. Katika Kinshasa, iliyoitwa Léopoldville wakati ule, kulikuwa na mwenzake, Padri Raphaël de la Kéthulle wa shirika la Scheut, ambaye watu walimwita Tata Raphaël. Alifika huko mwaka 1917, akajenga viwanja, akaanzisha timu, akafundisha vijana maelfu mpaka kufa kwake mwaka 1956. Kiwanja kikubwa alichokijenga kinaitwa leo kwa jina lake. Ni huko, mwaka 1974, Muhammad Ali alipopigana ngumi na George Foreman.

Uwanja wa damu

Historia ya kweli hutaja na machungu. Wakubwa wa serikali na wa makampuni waliupenda mpira kwa sababu yao wenyewe: mfanyakazi aliyechoka kwa mchezo hana nguvu ya kunung'unika. Wazungu walikuwa na mashindano yao, wenyeji walikuwa na yao, na hawakuchanganyika. Mchezo ule ule uliofundisha umoja ulichezwa katika mji uliogawanyika.

Mwezi wa Desemba 1941, wakati wa vita vikubwa, wafanyakazi wa Union Minière waliacha kazi. Bei za vitu zilikuwa zimepanda, mshahara ulikuwa mdogo, na kazi ya kuchimba shaba ya vita ilizidi kila siku. Tarehe 9 Desemba walikusanyika katika uwanja wa mpira wa kambi ya Lubumbashi. Mkubwa wa jimbo, Maron, alikuja kuwaambia warudi kazini. Msemaji wao, Léonard Mpoyi, alikataa. Akapigwa risasi, na askari wakaendelea kupiga. Watu makumi walikufa mahali pale pale ambapo siku nyingine walikuwa wakishangilia mabao.

Ninawaandikia jambo hili kwa kusudi. Kuna watu wasemao kwamba mpira uliletwa kuwalaza watu usingizi. Kuna wengine wasemao kwamba ulikuwa zawadi tupu ya mapadri. Wote wawili wamesema nusu. Uwanja ni mahali watu wakutanapo, na watu wakikutana hujihesabu, hutambua kwamba wao ni wengi. Katika Léopoldville mambo yalikuwa hivyo hivyo. Tarehe 4 Januari 1959, watu waliotoka kutazama mpira katika kiwanja cha Tata Raphaël walikutana njiani na wale waliokatazwa mkutano wa ABAKO, na ghasia za siku ile ziliharakisha uhuru wetu. Padri aliyejenga kiwanja alikuwa amekufa miaka miwili na nusu kabla. Mpanzi hupanda, lakini hachagui ndege watakaotua juu ya mti.

Mtoto huacha nyumba

Mwaka 1944 timu ya Saint-Georges ilibadilishwa jina, ikaitwa Saint-Paul. Miaka kidogo baadaye waliingia wachezaji wasiokuwa wanafunzi wa shule, na mapadri wakaacha kuiongoza. Timu ikapata msaada wa kampuni ya mipira ya magari, ikaitwa Englebert, jina la kampuni hiyo. Wengine walihuzunika, nafikiri. Lakini ndivyo ilivyo kwa kila malezi: mtoto aliyelelewa vema siku moja hufunga mzigo wake.

Baada ya uhuru wa 1960 na taabu za kujitenga kwa Katanga, timu ilipata nguvu mpya. Mwaka 1966 iliwashinda wote, ikajiongezea jina la Tout-Puissant, yaani Mwenyezi. Sisi makatekista tunajua jina hilo ni la nani peke yake, lakini tuwasamehe. Furaha ilikuwa kubwa. Mwaka 1967 Englebert ilifika fainali ya kombe la Afrika, ikacheza na Asante Kotoko ya Ghana. Walitoka sawa mara mbili, 1 kwa 1 na 2 kwa 2. Ikaamriwa mchezo wa tatu, lakini Kotoko hawakufika, na kombe likaja kwetu. Mwaka 1968 Englebert iliwafunga Étoile Filante wa Togo 5 kwa 0. Huko kwao ikafungwa 4 kwa 1, lakini kombe lilikuwa tayari mkononi. Ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kulishika kombe hilo miaka miwili kwa kufuatana. Mwaka 1970 Kotoko walilipa deni, wakatushinda katika fainali. Baadaye, majina ya kigeni yalipoachwa, timu ikaitwa Mazembe.

Kalala, mchezaji na mwalimu

Katika kizazi kile alikuwamo Pierre Kalala Mukendi. Tarehe 21 Januari 1968, katika Addis Ababa, Kongo yetu ilicheza na Ghana fainali ya kombe la mataifa ya Afrika. Ghana walikuwa wamelichukua kombe hilo mara mbili za nyuma, 1963 na 1965. Katika dakika ya 66 Kalala alifunga bao, na bao hilo likabaki peke yake mpaka mwisho. Ndivyo taifa letu lilivyopata kombe lake la kwanza, kwa mguu wa mchezaji wa Lubumbashi.

Mtu mwingine angekaa juu ya bao lile maisha yake yote, akinunuliwa vinywaji na wapenzi. Kalala hakufanya hivyo. Alipoacha kucheza alishika kazi ya kufundisha, akaifundisha Mazembe, hata na timu ya taifa. Mchezaji hushangiliwa anaposhinda na hulaumiwa siku mbaya. Mwalimu hulaumiwa siku mbaya, na siku njema watu humshangilia mchezaji. Kukubali badiliko hilo ni unyenyekevu usiopatikana mahali pengi. Kalala alifariki mwaka 2015. Mwaka huo huo Mazembe ilichukua kombe la mabingwa wa Afrika kwa mara ya tano. Tena miaka mitano kabla, Desemba 2010, chini ya mwalimu Lamine N'Diaye wa Senegal, ilikuwa imewafunga Internacional wa Brazil 2 kwa 0, ikawa timu ya kwanza isiyotoka Ulaya wala Amerika ya Kusini kufika fainali ya kombe la dunia la klabu. Inter wa Milano walishinda fainali ile 3 kwa 0. Lakini nani angewaza hivyo siku ya maskauti wa Saint-Boniface?

Walimu wasio na jina

Walakini walimu wengi hawataandikwa popote. Mimi mwenyewe nilimjua mmoja, katika seminari ndogo. Asubuhi alitufundisha hesabu, jioni mpira. Sitaandika jina lake, maana ndugu zake ni watu wa kimya. Hakumkemea mtoto mbele ya wenzake. Ukitoka uwanjani na machozi baada ya kukosa, alikuwa akisema, "Kwanza unywe maji, halafu tutasema." Mara nyingi hatukusema kitu, kwa sababu maji yalitosha. Kila mchezo alimchezesha walau mtoto mmoja asiyejua kucheza, na tulipomnung'unikia alijibu kwamba yeye ni mwalimu wa wote. Wawili wakipigana, adhabu ilikuwa moja: kubeba pamoja ndoo ya maji ya timu ya wageni, mmoja mkono huu, mwingine mkono ule. Huwezi kubeba ndoo na adui bila kulinganisha hatua zako na zake.

Alipokufa, tulikesha matangani. Walikuja dereva wa magari ya Kasumbalesa, muuguzi, mapadri wawili, fundi wa umeme, na mwingine aliyekuwa ametoka kifungoni. Kati yetu hakuna hata mmoja aliyekuwa mchezaji wa jina. Kila mmoja alisimulia habari ya maji, kila mmoja akidhani ilikuwa siri yake na mwalimu. Yule wa kifungoni alisema kwamba huko ndani, kila alipotaka kupigana, alikumbuka ndoo.

Ndugu wasomaji, ndiyo maana naona hesabu ya makombe haitoshi. Katika parokia zetu za Kenya, Katuba, Kamalondo na Ruashi wako watu wafundishao watoto mpira kila jioni bila mshahara. Mpira wenyewe mara nyingine umeshonwa kwa nyuzi, na uwanja una mawe. Wazazi hawawajui, ila siku mtoto ameumia. Tuwatembelee. Tuwapeleke maji. Wazee waliowajua walimu wa zamani wangali hai, lakini si kwa siku nyingi. Tukawaulize, tuandike majina katika daftari ya parokia. Na katika Misa ya marehemu, tunapotaja baba na mama, tuwataje pia walimu wetu wa mpira: wale wa abasia ya mbali waliokufa katika nchi yetu, wale waliouawa katika uwanja wa 1941 wakidai haki yao, Kalala, na wote ambao Mungu peke yake ana orodha yao. Wapumzike kwa amani.