Fua, Chachaga na Loweka: Maneno ya Kuondoa Mawaa ya Chakula

Miongoni mwa maneno ya kazi za nyumbani, fua ni mojawapo ya yale yenye maana nyingi. Mhunzi hufua chuma, sonara hufua fedha, nazi hufuliwa kwa kifuo, na nguo hufuliwa kwa maji. Kiini cha maana hizo ni nguvu: kitu hupigwa au husukumwa juu ya kingine kilicho kigumu. Nguo nayo ilipigwa juu ya jiwe kando ya mto, na neno likaihifadhi desturi hiyo hata baada ya beseni kushika mahali pa jiwe.

Lakini waa la chakula lililokauka haliondoki kwa nguvu. Wasemaji wa zamani walilijua jambo hilo, ndiyo maana lugha ina neno chachaga, ambalo kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inalitofautisha na fua: ni kuosha nguo taratibu, pasipo kuipiga sana. Pia kuna kwangua, kuna fikicha, na kuna loweka, au roweka, yaani kukiacha kitu majini mpaka kirowe. Hayo si visawe. Ni hatua za kazi moja, na kila hatua ina jina lake.

Maneno hayo yalisafiri mbali na pwani. Mlandege ni mojawapo ya kata za mji wa Iringa, katika nchi ya Wahehe. Ngome ya Mtwa Mkwawa huko Kalenga ilianguka tarehe 30 Oktoba 1894, na mwaka 1896 Wajerumani chini ya Tom von Prince wakaanzisha boma lao Iringa. Askari, wapagazi na wachuuzi wakaja na Kiswahili, na serikali ikakitumia katika utawala. Ndani yake yalikuwamo maneno ambayo pwani ilikwisha kuyapokea: sabuni kutoka Kiarabu na dobi kutoka Kihindi.

Maneno yalipanda mlima, lakini joto la pwani halikupanda nayo. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mafuta ya nazi huganda joto lishukapo chini ya nyuzi 24 hivi. Waa la mafuta hayo, ambalo pwani hubaki laini, mwezi wa Juni huko Mlandege huganda katika uzi, likataka maji ya vuguvugu na sabuni. Waa la yai, maziwa au damu ya nyama ni kinyume chake: maji ya moto hulikaza, kwa hiyo hulowekwa kwanza katika maji baridi. Ugali uliokauka hukwanguliwa, ndipo ukalowekwa.

Mfano ulio wazi zaidi ni waa la mchuzi wenye manjano. Neno hilo ni jina la kiungo na la rangi pia, na lugha haikukosea: kilichoingia katika nguo si uchafu, ni rangi. Likipakwa sabuni hugeuka jekundu, na asiyejua hudhani ameliharibu, akazidi kulifikicha hata nguo ikachakaa. Hapo fua halifui dafu. Nguo husuuzwa, kisha huanikwa, na jua hulififisha waa siku kwa siku. Kuanika, basi, si kukausha tu.

Leo baadhi ya sabuni za unga zina vimeng'enya, njia ambayo Otto Röhm wa Ujerumani aliipatia hataza mwaka 1913. Navyo huhitaji muda, nguo ikiwa imelowekwa. Hivyo elimu mpya imerudi kwenye neno la kale. Hasara ni kwamba chachaga halisikiki sana, na fua linawameza jirani zake. Binti anayeambiwa "fua" tu amepewa kazi pasipo kupewa njia. Kwa hiyo mtunga kamusi asitosheke kuyaweka maneno haya kama visawe. Na aandike pia lipi hutangulia na lipi hufuata, kwa maana katika mpangilio huo ndimo maarifa ya wafuaji yalimohifadhiwa.