Kisichotolewa Misheni

Ukitaka kuelewa habari ya matibabu Buhaya, anza na misheni. Mapadri Weupe walifika Kashozi mwaka 1892, Walutheri wakaja baadaye, na kila upande ukajenga kanisa, shule na mahali pa kutibia. Baada ya Uhuru, Serikali haikuwa na fedha za kujenga hospitali katika kila wilaya. Ikaingia mikataba na makanisa: hospitali ya misheni ikawa hospitali teule, Serikali ikasaidia gharama. Ndivyo Rubya, hospitali ya Wakatoliki kule Ihangiro, ilivyokuja kuwa hospitali teule ya Wilaya ya Muleba.

Mpango huo ulikuwa wa busara, nami siulaumu. Lakini, msomaji, angalia kilichoingia nao. Julai 1968 Papa Paulo VI alitoa waraka uliokataza vidonge, kitanzi na kufunga kizazi. Katazo la waumini likawa, kimya kimya, la kila aliyetibiwa kwao, hata Mwislamu, hata asiye na dini. Walutheri, wenye hospitali yao Ndolage, hawakufungwa na waraka huo, ila si kila mtu aliishi karibu na Ndolage. Tena hakuna aliyefukuzwa mlangoni. Mgonjwa alipokewa, akatibiwa. Alinyimwa kitu kimoja tu, na kunyimwa kwa namna hiyo hakuandikwi kwenye cheti.

Shangazi yangu alijifungua mtoto wa nane katika hospitali moja ya misheni, akavuja damu nusura afe. Alikuwa Mwislamu. Akamwomba sista afungwe kizazi. "Mama, hapa hatufanyi hivyo," alijibiwa kwa upole, kisha akaletewa uji. Kwenda hospitali ya Serikali mjini Bukoba kulitaka nauli, mtu wa kumsindikiza na ridhaa ya mume. Nauli tuliipata. Mtoto wa tisa alimzalia nyumbani. Mtoto yu hai. Mama yake tulimzika kibanjani wiki ileile.

Kisha ukaja ugonjwa. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na watu wakauita Juliana, jina la kitambaa kilicholetwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Hapo ndipo hukumu inaponishinda. Ndugu wengi waliogopa kumgusa mgonjwa wao wenyewe. Masista waliwaosha, wakawalisha, wakakesha nao hadi mwisho. Nimeyaona kwa macho yangu. Na masista haohao, kwa mafundisho yaleyale, hawakuweza kumpa mke wa mgonjwa kondomu alipokuwa akimchukua mumewe kurudi nyumbani.

Miaka mingi baadaye nilikutana na sista yule sokoni, amezeeka, anatembelea fimbo. Alinitambua kabla sijamtambua. Baada ya salamu aliniuliza, "Shangazi yako, yule wa watoto wanane, hajambo?"