Kofia ya Majani na Kofia ya Manyoya

Neno chepeo, ambalo wazee wa pwani walilitumia kwa kofia yenye ukingo, halikuzaliwa Lamu wala Mombasa. Lilikuja na Wareno, ambao kwao kofia huitwa chapéu, na ambao walianza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Mswahili anayo kofia yake ya kitambaa, isiyo na ukingo, iliyotobolewa na kudariziwa kwa sindano; kwa hiyo hakuhitaji kuazima jina. Jina jipya lilitakiwa kwa kitu kigeni, chenye ukingo wa kumkinga mtu jua na mvua. Wareno waliondoka, ngome ikabaki, na neno nalo likabaki.

Machepeo ya wanaume ni ya namna nyingi, lakini mengi yaangukia katika makundi mawili: yaliyotengenezwa kwa majani na yaliyotengenezwa kwa manyoya. Katika nyumba nyingi za nchi yetu imo moja ya kundi hili au lile, imetundikwa msumarini tangu mwenyewe alipofariki. Mara nyingi mjukuu mwenye nia njema huiona imejaa vumbi, akaitia katika karai la maji ya moto na sabuni, akaisugua, kisha akaianika juani. Ikiwa ni ya manyoya, jioni huikuta imerudi, haimtoshi hata mtoto wa miaka sita. Ikiwa ni ya majani, huikuta imekakamaa na kukatika mikunjo. Mjukuu huyo hakujua ya kuwa kofia, kama mwili wa mtu, ina maungo yake na historia yake, na ya kuwa kuitunza hapana budi kuanze kwa kuitambua.

Na tuanze na ya majani. Swali la kwanza la kuuliza ni hili: je, ilisukwa ikawa kitu kimoja, au ilisukwa vipande kisha ikashonwa? Mtoto wa pwani hatapata taabu kuelewa, maana amekwisha kuona mkeka ukitengenezwa. Msukaji husuka kwanza ukili, yaani utepe mrefu wa ukindu au miyaa, kisha huzishona kili ubavu kwa ubavu mpaka mkeka ukatimia. Kofia nyingi za majani za Ulaya zilifanywa kwa kanuni iyo hiyo, ila badala ya ukindu walitumia mabua ya ngano, na badala ya kushona kili sambamba walizizungusha kuanzia katikati ya utosi, kama nyoka aliyejikunja, hadi mwisho wa ukingo. Ile kofia ngumu yenye utosi bapa, iliyovaliwa na vijana wa Uingereza katika michezo ya mitoni, ni ya jamii hii. Igeuze, uitazame kwa ndani, utaona mshono unavyozunguka.

Mji uliojulikana sana kwa kazi hiyo ni Luton, kaskazini ya London. Hata leo timu yake ya mpira huitwa kwa jina la watengeneza kofia. (Timu ya Stockport nayo huitwa hivyo hivyo, na wapenzi wa mpira huchanganyikiwa, lakini Stockport ulikuwa mji wa kofia za manyoya.) Kofia zilishonwa Luton, lakini kili zenyewe zilisukwa katika vijiji vya jirani, na wasukaji wengi walikuwa wanawake na watoto. Katika karne ya kumi na tisa zilikuwako huko shule zilizoitwa shule za kusuka. Mtoto wa miaka minne au mitano alipelekwa katika chumba kidogo cha nyumba ya mwanakijiji, akaketi amebanana na wenziwe, akasuka mabua kwa kipimo alichopangiwa. Kusoma kulikuwa kidogo sana, na pengine hakukuwako kabisa. Sheria ya kazi ya mwaka 1867 na sheria ya elimu ya mwaka 1870 zilizidhoofisha shule hizo. Kisha kili za bei nafuu kutoka China na Japani zikaingia sokoni, na kazi ya kusuka vijijini ikafa. Basi mwanafunzi aionapo kofia kuukuu ya mabua ya ngano, na akumbuke kwamba huenda vidole vilivyoisuka vilikuwa vidogo kuliko vyake.

Kofia iliyosukwa kitu kimoja ina habari nyingine. Iliyo bora kuliko zote ni ile ambayo ulimwengu huiita kofia ya Panama, na jina hilo ni kosa ambalo limewadhulumu watu kwa miaka mingi. Kofia hiyo ni ya Ekwado. Husukwa kwa nyuzi za mmea uitwao tokila, unaofanana na mnazi mchanga ingawa si wa jamii ya minazi, na miji iliyosifika kwa kuisuka ni Montecristi na Jipijapa katika jimbo la Manabí, pamoja na Cuenca katika nchi ya milimani. Wenyeji hupasua jani changa, hulichemsha, hulianika, kisha hulichana nyuzi nyembamba. Msukaji huanza katikati ya utosi na kuzidi kuongeza nyuzi kadiri duara linavyopanuka. Kofia nzuri sana huchukua miezi, na wasukaji hupendelea kuifanya kazi alfajiri na jioni, wakati hewa ina unyevu, kwa sababu joto la mchana huufanya uzi ukauke na kukatika.

Je, Panama iliingiaje? Iliingia kwa njia ya biashara. Kabla ya mfereji kuchimbwa, bidhaa na wasafiri wa pwani ya magharibi ya Amerika ya Kusini walivushwa katika shingo nyembamba ya nchi ya Panama. Dhahabu ilipogunduliwa California, maelfu ya watu walipita hapo kuanzia mwaka 1849, jua likawachoma, wakanunua kofia. Walipoulizwa walikozipata, walijibu: Panama. Mwaka 1906 Theodore Roosevelt, rais wa Marekani, alikwenda kuutazama mfereji ukichimbwa, akapigwa picha amevaa kofia ya namna hiyo, na tangu hapo jina halikuweza kung'olewa tena. Walioisuka hawakutajwa. Faida kubwa iliwaendea wachuuzi na wasafirishaji, na mmoja wa wasafirishaji hao alikuwa Mhispania Manuel Alfaro aliyekaa Montecristi. Mwanawe Eloy Alfaro, aliyezaliwa hapo mwaka 1842, alitumia mali ya biashara kugharimia mapinduzi yake, na baadaye akawa rais wa Ekwado. Nchi hiyo ilingoja mpaka mwaka 2012 ndipo UNESCO ilipoiandika sanaa ya kusuka kofia ya tokila katika orodha ya urithi wa binadamu, na kuiandika kwa jina la Ekwado.

Kuitambua ya kweli si kazi ngumu. Iinue mbele ya dirisha upenyeze mwanga. Utaona duara ndani ya duara katika utosi, kama mawimbi ya kisima kilichotupiwa jiwe, kila duara likionyesha mahali ambapo msukaji aliongeza nyuzi. Kisha tazama ukingo. Katika kazi nzuri nyuzi zimerudishwa na kusukwa ndani, hakuna uzi wa cherehani. Zile za bandia hufanywa kwa karatasi iliyosokotwa, na karatasi ikilowa hulegea.

Adui wa kofia ya tokila ni ukavu. Desturi ya kuishika kwa kuibana utosi kwa vidole viwili, ambayo yaonekana ya kiungwana katika sinema, ndiyo iipasuayo mbele. Ishikwe kwa ukingo, mikono miwili. Isikunjwe ikiwa kavu, wala isiachwe ndani ya gari juani. Ikiwa imekakamaa, ipitishwe mbali kidogo juu ya mvuke wa birika, mpaka nyuzi zilegee, ndipo ibonyezwe taratibu ndani ya utosi kurudisha umbo. Vumbi hufutwa kwa kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa sana. Ufa mdogo waweza kushonwa kwa uzi wa rangi ile ile kwa ndani, lakini ufa mkubwa apewe fundi.

Sasa tuje kwenye kofia ya manyoya, ambayo habari zake ni nzito zaidi. Kitambaa chake, kiitwacho felti, hakikufumwa wala kushonwa. Kila unywele wa mnyama una magamba madogo mno yasiyoonekana kwa macho matupu. Nywele zikitiwa maji ya moto na kushindiliwa, magamba hushikana, na kadiri zinavyoshindiliwa ndivyo zinavyozidi kushikana, mpaka zikawa kitu kimoja kigumu ambacho huweza kuvutwa juu ya kalibu ya mti na kupewa umbo. Hii ndiyo sababu kofia ya babu ilirudi ndani ya karai: maji ya moto na kusugua viliendeleza kazi aliyoianza fundi.

Manyoya yaliyofaa kupita yote yalikuwa ya biva, mnyama wa mitoni wa kaskazini mwenye meno makali, aangushaye miti na kujenga mabwawa. Ulaya iliwawinda biva wake mpaka wakakaribia kwisha, kisha ikageukia Amerika ya Kaskazini. Kampuni ya Hudson's Bay, iliyopewa hati yake na mfalme wa Uingereza mwaka 1670, ilitajirika kwa ngozi hizo. Ngozi zilizothaminiwa zaidi zilikuwa zile ambazo wenyeji wa nchi walikwisha kuzivaa kama mavazi kwa majira kadhaa, maana nywele ndefu zilikwisha kupukutika na kubakiza manyoya laini ya chini. Vazi kuukuu la mtu mmoja likawa kofia mpya ya mwingine.

Biva alipokuwa adimu, mafundi walitumia sungura. Lakini manyoya ya sungura hayashikani vema yenyewe, hivyo wakatafuta dawa. Waliyeyusha zebaki katika asidi ya naitriki, wakazipaka ngozi kwa brashi. Ncha za manyoya zikikauka hugeuka rangi ya manjano mekundu, na kwa sababu hiyo kazi ile iliitwa kwa jina la karoti. Manyoya yalishikana kama walivyotaka. Lakini karakana zilijaa mvuke wa moto wenye zebaki, na mafundi waliuvuta mchana kutwa. Mikono ilianza kutetemeka, ufizi ukavimba, meno yakang'oka. Mtu aliyekuwa mchangamfu akawa mwoga, mwenye haya na hasira zisizo sababu. Katika mji wa Danbury, Marekani, ambako kiwanda cha kofia kilianzishwa mwaka 1780, watu waliuita ugonjwa huo mtetemeko wa Danbury. Waingereza nao wana msemo wa kumfananisha mwendawazimu na mtengeneza kofia. Asili ya msemo huo hubishaniwa, lakini ugonjwa wenyewe haubishaniwi.

Wala haikuwa siri. Mwaka 1860 daktari mmoja wa New Jersey aliandika habari za ugonjwa wa zebaki miongoni mwa watengeneza kofia. Marekani iliacha kutumia zebaki katika kazi hiyo tarehe 1 Desemba 1941, miaka 81 baadaye, na hata wakati huo yasemekana kwamba haja ya zebaki kwa silaha za vita ilisukuma mambo kuliko huruma. Mimi naliona hilo ni jambo la kuhuzunisha kuliko ugonjwa wenyewe. Zebaki hiyo hiyo bado huwadhuru watu karibu nasi: wachimbaji wadogo wa dhahabu, kama wale wa Migori, wameitumia kukamatia vumbi la dhahabu, kisha kuichoma motoni.

Kwa mtunzaji wa kofia, habari hii ina maana ya leo. Zebaki haikutoka yote ndani ya felti. Wahifadhi wa makumbusho wameikuta katika kofia za zamani. Kwa hiyo kofia ya felti iliyotangulia Vita Kuu ya Pili isipitishwe juu ya mvuke wala pasi ndani ya chumba kilichofungwa. Na ishikwe kwa mikono iliyovikwa glovu, ipigwe brashi laini nje penye upepo, na ihifadhiwe ndani ya sanduku. Kofia mpya zaidi zina ruhusa ya mvuke: bonde lililobonyea huinuka lenyewe likipata unyevu na joto, na kidole kikalimalizia. Brashi ifuate upande walikolalia manyoya. Kofia ikiwekwa mezani ilazwe kwa utosi, ukingo juu, kwani ikisimama juu ya ukingo wake hupoteza mteremko aliouweka fundi.

Utajuaje umri wake? Pindua ule mkanda wa ngozi ulio ndani, unaopokea jasho la paji la uso. Nyuma yake hufichwa mambo mengi: karatasi ya kipimo, muhuri wa duka, na katika kofia za Marekani kitambulisho cha chama cha wafanyakazi. Chama kilichowaunganisha watengeneza kofia za kiume na za kike huko kiliundwa mwaka 1934. Kwa hiyo kofia yenye kitambulisho chake haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Kwa desturi pia, fundo la utepe wa nje huwa upande wa kushoto kwa kofia ya mwanamume.

Pengine utakuta pia kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne au tano. Mwenye kofia alikitia humo kwa sababu ilikuwa kubwa kidogo kuliko kichwa chake. Usikitupe. Kikunjue polepole, kwani huenda kina tarehe, andika ulichokisoma pamoja na jina la mwenye kofia, kisha kirudishe mahali pake nyuma ya mkanda.