Kupima Akili, Kukisia Fahamu: Historia ya Shaka kutoka Mathari hadi Bwiza

Ikisiri
Makala hii inafuatilia nadharia za kisayansi kuhusu akili ya Mwafrika zilizoenezwa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, na kuzihusisha na mjadala wa sasa kuhusu fahamu ya mashine. Inadai kwamba nadharia hizo za zamani na madai ya leo yanaruka pengo lilelile, yaani pengo lililopo baina ya kinachopimika kwa nje na kinachohisiwa ndani. Msamiati wa Kiswahili unatupatia nyenzo ya kulitaja pengo hilo.

1.0 Utangulizi
Bwiza ni miongoni mwa mitaa ya Bujumbura ambamo Kiswahili kimezungumzwa tangu mji huo ulipokuwa ukiitwa Usumbura. Kama ilivyokuwa kwa jirani zao wa Buyenzi, wasemaji wake walihukumiwa kwa lugha yao: katika Kirundi, neno umuswahili lilibeba pia maana ya mtu mjanja au mwongo. Hiyo nayo ilikuwa nadharia ya akili, ingawa haikuwa na maabara. Mtu alisikika akisema, na kutokana na usemi wake wengine wakadai kujua yaliyomo moyoni mwake. Swali la makala hii ni hili: je, nadharia zilizokuwa na maabara zilifanya tofauti?

2.0 Vipimo vya Nairobi na uteuzi wa Urundi
Mwaka 1934, F. W. Vint, mwanapatholojia aliyefanya kazi Nairobi, alichapisha katika Journal of Anatomy uchunguzi wa bongo 100 za Waafrika wa Kenya. Alidai kwamba gamba la ubongo wao lilikuwa jembamba kuliko la Wazungu kwa takriban asilimia 15. H. L. Gordon, daktari wa hospitali ya Mathari, alikuwa akieneza hoja kama hizo miongoni mwa walowezi. Baadaye J. C. Carothers, aliyeiongoza Mathari tangu 1938 hadi 1950, alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ilitoa taarifa yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau, ambamo vuguvugu la kudai ardhi na uhuru lilielezwa zaidi kama mtikisiko wa akili.

Katika Urundi, utawala wa Kibelgiji haukuhitaji darubini. Imani kwamba kundi moja lilizaliwa na akili ya kutawala ilitosha kuongoza uteuzi wa machifu. Mwanahistoria Joseph Gahama ameonyesha kwamba mwaka 1929 machifu Wahutu walikuwa takriban asilimia 20, na kwamba kufikia 1945 hakubaki hata mmoja. Nadharia ya akili ilikuwa imegeuka orodha ya vyeo, na orodha hiyo ikatumiwa tena kama ushahidi wa nadharia.

3.0 Wenye shaka
Waliozipinga nadharia hizo hawakuwa maadui wa sayansi. Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, na alizikosoa kwa vigezo vya taaluma yake. Baadaye akawa naibu mkurugenzi mkuu wa shirika lilelile lililokuwa limemchapisha Carothers. Frantz Fanon, naye daktari wa taaluma hiyohiyo, alimtaja Carothers katika kitabu cha 1961 ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakifahamu kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa. Ukosoaji wa aina hii hauishii kwenye usahihi wa mizani. Hata kama kila kipimo cha Vint kingekuwa sahihi, bado isingefuata kwamba mwenye ubongo ule alifikiri kidogo au alihisi kidogo. Unene wa gamba ni jambo moja. Maisha ya ndani ni jambo jingine.

4.0 Kutoka ubongo hadi mashine
Mwaka 1950 Alan Turing alipendekeza kwamba badala ya kuuliza kama mashine hufikiri, tutazame kama mazungumzo yake yanaweza kutofautishwa na ya binadamu. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum alitangaza ELIZA, programu iliyorudisha maneno ya mtumiaji kwa sura ya maswali. Alishangaa kuona watu wakiifungulia mioyo yao. Mwaka 2022 mhandisi wa Google, Blake Lemoine, alidai hadharani kwamba programu ya LaMDA ina hisia. Kampuni ilikanusha na kumfukuza kazi.

Wanasayansi wenyewe hawajakubaliana. Mwaka 1998 Christof Koch aliwekeana dau na mwanafalsafa David Chalmers kwamba ndani ya miaka 25 ingejulikana jinsi ubongo unavyozalisha fahamu. Mwaka 2023 Koch alikiri kushindwa na akalipa kwa chupa za divai. Mwaka huohuo wataalamu zaidi ya 100 walitia saini barua wakiiita mojawapo ya nadharia mashuhuri za fahamu sayansi bandia. Asiyekuwa na nadharia iliyothibitika kuhusu fahamu ya binadamu atatumia kipimo gani kwa mashine?

5.0 Ushahidi wa msamiati
Kiswahili hakichanganyi mambo haya. Aliyezimia amepoteza fahamu, lakini hatusemi kwamba amepoteza akili. Mwendawazimu hupungukiwa akili ilhali fahamu anazo. Anayejuta husutwa na nafsi, wala si na akili. Maneno haya matatu yana asili ya Kiarabu, lakini upambanuzi huu umekita mizizi katika matumizi ya kila siku. Kando yake lipo neno la Kibantu mtima, ambalo ushairi wetu umelihifadhi, na ambalo Mrundi hulitambua mara moja katika umutima wake.

Istilahi zinazoshindana leo, yaani akili bandia, akili unde na akili mnemba, zote zimechagua akili. Hakuna iliyogusa fahamu wala nafsi. Hata hivyo hazilingani. Noti bandia si fedha, lakini jahazi lililoundwa ni jahazi kweli. Anayesema bandia amekwisha kukana, na anayesema unde amekwisha kukubali. Mkaazi wa Bwiza asemaye "simu inakataa" hajaipa simu utashi. Amesema kwa sitiari, na msikilizaji anajua. Hatari huanza sitiari inapoingia katika istilahi rasmi na kusahauliwa kuwa ni sitiari.

6.0 Pingamizi
Huenda ikasemwa kwamba shaka hii inafanana na kosa la Carothers: yeye aliwanyima watu utimilifu wa akili, nasi tunainyima mashine. Pingamizi hili ni zito. Hata hivyo, Carothers alikuwa mbele ya watu walioweza kumjibu, waliozaliwa, waliougua na kuomboleza kama yeye. Ushahidi ulikuwepo, aliupuuza kwa ajili ya nadharia. Kwa mashine, maneno yake yamefinyangwa kutokana na maandishi yetu, kwa hiyo usemi wake peke yake hauwezi kuwa shahidi wa hisia zake. Tunachokataa ni haraka ya kuhukumu. Uwezekano wenyewe hatuufungi.

7.0 Hitimisho
Eneo letu limewahi kulipa gharama ya nadharia ya akili iliyovaa vazi la vipimo. Makala hii inapendekeza kwamba wanaounda istilahi watenganishe akili, fahamu na nafsi katika kamusi na vitabu vya kiada, na kwamba mfumo wowote wa kompyuta utakaopewa kazi ya kuchuja wanafunzi, wagonjwa au waombaji kazi uulizwe swali ambalo Vint hakuulizwa mapema vya kutosha: umepima nini hasa, na umekisia nini?