Pigo la Kifuani

Juma hili nawaandikia habari nzito, ya watoto waliouawa kwa mikono ya watu wa nyumbani mwao.

Mnamo mwaka 1860 tabibu wa Paris, Ambroise Tardieu, aliyekuwa akichunguza maiti kwa ajili ya mahakama, alichapisha taarifa ya watoto 32 walioteswa, wengi wao na wazazi wenyewe. Kati yao 18 walikufa. Taarifa hiyo haikuzaa matunda. Ikapita miaka 86 hadi John Caffey, bingwa wa eksirei huko New York, alipoeleza habari za watoto wachanga 6 waliovunjika mifupa pasipo sababu iliyojulikana. Wala yeye hakuthubutu kuwanyoshea wazazi kidole waziwazi. Mwaka 1962 ndipo C. Henry Kempe na wenzake wa Denver walipotangaza matokeo ya kuuliza hospitali 71 za Marekani: watoto 302 waliopigwa, 33 wakafa.

Macho ya matabibu yalikuwa mazima miaka yote hiyo. Kilichowashinda ni kusadiki kwamba mzazi aweza.

Hata walipokwisha kusadiki, moyo ulibaki na siri yake. Mbavu za mtoto ni laini, hupinda bila kuvunjika. Ngumi au teke la mtu mzima huweza kuubana moyo kati ya kidari na uti wa mgongo hata ukapasuka, ilhali ngozini pengine hapana alama yoyote. Mwaka 1995 wachunguzi wa maiti nchini Marekani waliandika juu ya watoto waliouawa hivyo.

Liko pigo jingine lisilopasua kitu. Mwaka 1998 Mark Link na wenzake wa Boston waliwapiga vifuani kwa mpira nguruwe wachanga waliotiwa dawa ya usingizi. Pigo lilipoangukia nafasi fulani ya mpigo wa moyo, nafasi fupi ya takriban sekunde 0.015, moyo uliacha kusukuma damu, ukabaki kutetemeka. Mwaka 2000 vikaelezwa vifo vya watoto wawili waliouawa kwa pigo la aina hiyo.

Tardieu aliweza kulinganisha simulizi ya wazazi na majeraha ya mwili. Hapa mpasuaji huukuta moyo mzima, na anayejua yaliyotokea, mbali na aliyepiga, huenda ni mtoto mwingine aliyekuwamo chumbani.