Saburi Chini ya Mlima Hanang

Tarehe 3 Desemba 2023 ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Katika sharika za Kilutheri altare zilikuwa zimevikwa rangi ya zambarau, na Wakristo walikuwa wakijiandaa kwenda ibadani kuuanza mwaka mpya wa Kanisa. Asubuhi mapema ya siku hiyo, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Maji, tope, mawe na magogo yaliporomoka kwa kasi hadi mji mdogo wa Katesh na vijiji vilivyo chini ya mlima, Gendabi ikiwa miongoni mwa maeneo yaliyopigwa. Watu 89 walipoteza maisha na wengine zaidi ya 100 walijeruhiwa. Nyumba, maduka, mifugo na mashamba vilifukiwa. Wengi waliokuwa wakitazamia kusikia kengele ya ibadani walijikuta wakiwatafuta ndugu zao ndani ya tope.

Katika kitabu cha kumbukumbu ya miaka mia moja ya usharika, ni desturi kuhesabu majengo yaliyojengwa, wachungaji waliotumika na watu waliobatizwa. Hesabu hizo ni njema, nazo zinastahili shukrani. Hata hivyo, miaka mia ya usharika haikujengwa na miaka ya neema peke yake. Ilipita pia katika ukame, vita, magonjwa na misiba, na mara nyingi taabu ilidumu kuliko nguvu za walioibeba. Kwa hiyo inafaa kuuliza: Imani iliwashikaje watu katika majira hayo marefu? Gendabi inatoa jibu lenye uzito, kwa kuwa huko swali hili bado linaulizwa kwa machozi.

Mvua iliyoombwa

Gendabi ni kata ya Wilaya ya Hanang, katika Mkoa wa Manyara, ambao ulianzishwa mwaka 2002 kutoka Mkoa wa Arusha. Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, unasimama peke yake juu ya nchi hiyo, nao umekuwa mama wa wakazi wake. Chemchemi zake hunywesha watu na mifugo. Ukungu wake hulainisha mashamba ya mahindi, maharage na mbaazi. Wabarabaig, ambao ni tawi la Wadatoga, wamechunga ng'ombe chini yake kwa vizazi vingi, na Wairaqw wamelima na kufuga katika nchi hiyo pamoja nao. Wairaqw humwita Mungu Looaa. Wadatoga humwita Aseeta. Kwa watu wote hao, kabla ya Injili kuhubiriwa na hata baadaye, mvua imekuwa alama ya wazi ya kwamba Mungu hajawasahau.

Hapo ndipo uchungu wa mwaka 2023 ulipozidi. Mtume Yakobo, katika sura ya tano ya waraka wake, anamtaja mkulima anayengojea mvua ya kwanza na ya mwisho kuwa kielelezo cha uvumilivu. Mhubiri yeyote wa Hanang amelitumia fungu hilo, na mkulima yeyote wa Hanang amelielewa bila kufafanuliwa. Lakini safari hii kitu kilichongojewa kwa maombi ndicho kilichokuja na mauti. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Je, aseme nini mvumilivu ambaye mbivu zake zimefukiwa pamoja na nyumba yake?

Ni lazima kukiri kwamba saburi ya Kikristo haijengwi juu ya methali hiyo, ingawa methali ni njema. Mtu akivumilia kwa sababu tu anatarajia kulipwa, uvumilivu wake utakwisha siku malipo yatakapokosekana. Mtume Paulo, katika Warumi sura ya tano, anaanzia mahali pengine. Anaitaja kwanza amani ambayo Mungu ameitoa kwa neema, ndipo anaitaja dhiki na saburi inayozaliwa nayo. Mwamini havumilii ili apendwe na Mungu. Anaweza kuvumilia kwa sababu amekwisha kupendwa.

Urithi wa watangulizi

Sharika za kaskazini mwa Tanzania zinazotimiza miaka mia katika muongo huu zilizaliwa katika majira ya upungufu. Wamisionari wa Leipzig, walioanza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, waliondolewa nchini mwaka 1920 baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, kwa kuwa walikuwa Wajerumani. Wengi walidhani kazi ingekufa. Haikufa. Walimu na wainjilisti Waafrika, wengi wao wakiwa na elimu ndogo ya darasani na posho ndogo zaidi, waliendelea kufundisha katekisimo, kuongoza ibadani na kuwazika wafu. Kanisa la Augustana kutoka Marekani lilileta msaada, na kuanzia mwaka 1925 wamisionari wa Leipzig waliruhusiwa kurudi. Vita ya Pili ilipoanza mwaka 1939, wamisionari Wajerumani walikamatwa tena, na mzigo ukawarudia wenyeji.

Historia hiyo inafundisha jambo ambalo husahauliwa kwa urahisi. Wainjilisti wale hawakujua kwamba majira yao yangekwisha lini. Hawakuona mbele yao Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, lililoundwa tarehe 19 Juni 1963 kwa kuunganisha makanisa saba. Waliona Jumapili iliyofuata tu, na mgonjwa aliyepaswa kutembelewa jioni ile. Saburi yao ilikuwa ya siku moja moja.

Saburi isiyonyamazia dhuluma

Nchi ya Hanang imeonja pia taabu iliyoletwa na mikono ya wanadamu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, mpango mkubwa wa kilimo cha ngano ulianzishwa katika uwanda wa Basotu kwa msaada wa serikali ya Kanada. Shirika la umma la NAFCO liliendesha mashamba saba yenye jumla ya karibu ekari 100,000. Taifa lilihitaji mkate, na nia hiyo haikuwa mbaya. Lakini ardhi ile ilikuwa malisho bora ya Wabarabaig, na ndani yake yalikuwamo makaburi ya wazee wao. Mwaka 1981 wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda Mahakama Kuu kudai haki yao. Walishinda, lakini baadaye Mahakama ya Rufani ikautengua ushindi huo.

Mambo haya yanatajwa kwa sababu neno saburi limewahi kutumiwa vibaya, hata mimbarani. Aliyedhulumiwa ameambiwa avumilie, na aliyedhulumu hakuambiwa neno. Maandiko hayafundishi hivyo. Mjane katika Luka sura ya 18 anasifiwa kwa kumrudia kadhi dhalimu tena na tena. Kule kurudi kwake ndiko saburi yake. Wafugaji walioacha mifugo yao wakaenda kusimama mbele ya mahakimu walionyesha uvumilivu wa namna hiyo, na Kanisa linapaswa kuwaombea na kusema pamoja nao.

Swali la Siloamu

Baada ya maporomoko ya mwaka 2023, wataalamu wa serikali walieleza kwamba miamba dhaifu ya mlima ilikuwa imefyonza maji mengi, ikashindwa kuubeba uzito wake. Maelezo hayo yanahitajika, maana yanasaidia kuamua mahali pa kujenga na mahali pa kuepuka. Lakini aliyefiwa huuliza swali lingine: Kwa nini sisi? Na mara nyingi jirani yupo tayari kumjibu kwamba ni adhabu ya dhambi.

Bwana Yesu alikwisha kulijibu jambo hili. Katika Luka sura ya 13 anawakumbusha wasikilizaji wake mnara wa Siloamu ulioanguka na kuua watu kumi na wanane, naye anakataa kabisa kwamba hao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Anawageukia walio hai na kuwaita watubu. Kwa hiyo hakuna mchungaji aliyepewa ruhusa ya kusimama mbele ya makaburi ya Hanang na kuhesabu dhambi za waliozikwa. Amepewa ruhusa ya kulia pamoja na waliao, na kusoma Zaburi, ambazo nyingi kati yake ni malalamiko yaliyoelekezwa kwa Mungu mwenyewe. Anayemlalamikia Mungu bado anazungumza na Mungu, na hiyo nayo ni imani.

Zaburi ya 46 inamtaja Mungu kuwa kimbilio hata kama nchi itabadilika na milima kutetemeka. Kutokana na Zaburi hiyo Martin Luther alitunga wimbo wake mashuhuri juu ya Mungu aliye ngome, mwishoni mwa miaka ya 1520. Miaka hiyo haikuwa ya raha kwake. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg. Luther na mkewe Katharina walikataa kukimbia, wakawapokea wagonjwa nyumbani mwao. Mwaka 1528 walimzika binti yao Elisabeth akiwa bado mchanga. Kwa hiyo wimbo unaoimbwa kwa shangwe katika Sikukuu ya Matengenezo ulitoka katika nyumba iliyojua kilio. Wanaouimba chini ya Mlima Hanang wanalijua hilo kuliko wengi.

Baada ya wageni kuondoka

Katika siku za kwanza za maafa, msaada ulikuwa mkubwa. Askari, zimamoto, Msalaba Mwekundu na wananchi walichimba tope pamoja, Wakristo na Waislamu. Shule ziligeuzwa makazi ya muda. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai katika mkutano wa mabadiliko ya tabianchi, alikatisha safari yake na kufika Katesh tarehe 7 Desemba. Baadaye nyumba zaidi ya 100 zilijengwa katika eneo la Waret kwa ajili ya walionusurika. Kwa yote hayo Mungu ashukuriwe.

Lakini kila aliyefiwa anajua kwamba msiba una siku mbili. Ya kwanza ni siku ya maziko, ambapo uwanja hujaa watu na sufuria hazipoi. Ya pili ni siku turubai linapokunjwa na wageni kurudi makwao. Siku hii ya pili inaweza kuchukua miaka. Mtoto huendelea kushtuka usiku mvua ikigonga bati. Mjane hupata nyumba mpya, lakini hana jirani aliyezoea kumwomba chumvi. Mkulima husimama mbele ya shamba lililojaa mawe, naye hajui aanzie wapi.

Kazi ya usharika ni hasa katika siku hiyo ya pili. Hapo diakonia haihitaji magari mengi. Inahitaji jumuiya inayokumbuka majina. Mzee wa kanisa anayekwenda kuketi na mfiwa katika mwezi wa kumi na nane anafanya kazi ileile waliyoifanya wainjilisti wa mwaka 1920. Kwaya inayokwenda kuimba mahali ambapo watu wamechoka kuimba inawabebea imani yao mpaka watakapoweza kuibeba tena. Hivi ndivyo saburi inavyopatikana: mmoja anapoishiwa, mwingine anamwazima.

Yeremia, Yerusalemu ukiwa umezingirwa na adui, alinunua shamba huko Anathothi na kuihifadhi hati yake katika chombo cha udongo. Watu wenye akili wangeweza kumcheka. Mkulima wa Gendabi anayeondoa mawe shambani na kutia mbegu ardhini, huku akiutazama mlima uliomwumiza, anafanya tendo la namna ileile. Hajasahau waliokufa, wala hajapata jibu la kila swali. Anangoja mvua, akimwomba Mungu ije kwa kiasi.

Kila mwaka Majilio hurudi, na kwa watu wa Hanang hayatakuwa tena majira ya furaha tupu. Hata hivyo mshumaa wa kwanza utawashwa. Majilio ni majira ya Kanisa linalokiri kwamba bado linangoja, na kwamba Yeye anayengojewa alikuja kwanza kama mtoto katika nyumba ya maskini. Usharika unaoadhimisha miaka mia na uikumbuke Gendabi katika sala zake, uwakumbuke na walio karibu nao ambao turubai lao limekwisha kukunjwa.