Ukingo wa korongo

Korongo ni bonde jembamba lililochimbwa na maji, na watu wa Kondoa, mkoani Dodoma, wanalijua. Kwenye milima ya Irangi huko, makorongo mekundu yalitapakaa hadi Serikali ikaanzisha mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye maeneo yaliyoharibika zaidi. Majani na miti vikarudi. Udongo uliochukuliwa na maji haukurudi.

Wanasayansi wa tabianchi huligeuza jambo hilo kuwa hesabu. Kwenye kompyuta hupunguza mvua au uoto kidogo kidogo, kisha huvirudisha, waone kama ardhi nayo itarudi. Wakati mwingine hairudi. Pale isiporudi, mimi napaita ukingo: mkulima wa Kondoa ameuona ukimeguka kwa mvua moja ya Januari, uwele ukiwa bado mchanga.